YALIYOKUTWA TUMBONI MWA KANU WA LUSU

Usiku wa tatu tangu nifike Lusu kwa likizo, mbwa walibweka kwa nguvu upande wa banda la kuku. Vijana wa mji ule wakatoka na marungu na tochi, na kabla sijapata kuvaa viatu nikasikia vifijo vya ushindi. Kulipopambazuka nilimkuta mjomba ameketi juu ya kigoda, kisu mkononi, na mbele yake mzoga umelazwa juu ya jiwe.

"Mwangaluka, mjomba," nilimwamkia.

Aliitikia bila kuinua macho. Mnyama mwenyewe alikuwa mwembamba, mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, manyoya ya rangi ya majani makavu yenye safu za madoa meusi, na mkia wa pete nyeusi na nyeupe ulioukaribia mwili kwa urefu. Uso ulikuwa mdogo, umechongoka kama wa panya buku, lakini meno yalikuwa ya chui. Huyo ndiye kanu. (Msomaji asidhani namtaja chama cha jirani zetu wa Kenya kilichoundwa mwaka 1960. Mnyama huyu alikuwa na jina lake zamani kabla ya hapo.)

Mkaza mjomba alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni. Katika muda wa mwezi mmoja alikuwa amepoteza vifaranga wengi na tetea wawili, na kwa mama wa kijijini kuku si pambo la uwanja. Kuku ndiye daftari la shule, ndiye nauli ya zahanati, ndiye heshima ya mgeni kama mimi. "Mpasue," alisema, "tuone kama si yeye."

Mjomba akampasua. Tumboni mlikuwa na panya wawili, mmoja akiwa bado mzima mzima hata mkia wake haujaanza kuyeyuka. Palikuwa na gao la miguu ya panzi na magamba ya mbawakavu. Palikuwa na mbegu kadhaa. Na chini kabisa, kimeshikamana kama donge la pamba iliyoloa, palikuwa na kifungu cha manyoya laini ya kifaranga.

"Mnaona?" alisema mkaza mjomba.

"Naona panya wawili na kifaranga mmoja," alijibu mjomba.

"Panya si wangu. Kifaranga ni wangu."

Maneno hayo nilirudi nayo mjini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza juu ya chakula cha wanyama hawa wadogo walao nyama. Nilitaka kujua kama mkaza mjomba alikuwa na haki. Naona alikuwa nayo, ingawa si yote.

NCHI ILIYOKATWA VIPANDE

Lusu ipo karibu na mji wa Nzega, mkoani Tabora. Watu wengi waliisikia kwa ajili ya dhahabu, maana hapo ndipo mgodi wa Golden Pride ulipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 1998, wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya zama hizi nchini, hata ulipofungwa mwaka 2013. Lakini nchi hii ilikuwa na wapita njia muda mrefu kabla ya mitambo. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, kisha ikagawanyika: tawi moja likaelekea Ujiji na jingine likapanda kaskazini kuelekea ziwani. Kwa tawi hilo la kaskazini ndiko Mwingereza John Speke alikopita mwezi Julai 1858, akitoka Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, hata akafika kwenye ziwa kubwa mwanzoni mwa Agosti na kulipachika jina la malkia wake, kana kwamba lilikuwa halina majina.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa katika njia hizo walitembea siku nyingi ndani ya msitu wa miombo. Leo msafiri atokaye Tabora kwenda Nzega kwa basi huuona msitu ule kwa vipande: hapa kichaka, pale majaruba ya mpunga, kisha shamba la mahindi, kisha uwanda mtupu wa malisho, kisha kichaka tena juu ya kilima chenye mawe. Mkaa umekata miti, mifugo imekanyaga, na kusini na magharibi mwa mkoa tumbaku nayo imedai kuni zake za kukaushia. Kaskazini, katika Shinyanga, watawala wa kikoloni waliwafyekesha watu mapori makubwa katika miaka ya 1920 na 1930 ili kuwaangamiza mbung'o.

Palipobaki miti, mara nyingi pamebaki kwa sababu ya ngitili. Kwa msomaji aliyezaliwa Magomeni au Mbagala, ngitili ni eneo ambalo Wasukuma na Wanyamwezi hulifunga wakati wa mvua ili majani yakue, na kulifungua wakati wa kiangazi kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe dhaifu. Miti nayo, ikiachwa bila kuchomwa wala kukatwa, huchipuka upya kutoka kwenye visiki vyake. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, na mpango huo ulitumia desturi hiyo badala ya kuleta ya kigeni. Ngitili zilizohesabiwa mkoani humo wakati ule zilikuwa hekta 600 hivi tu. Miaka isiyofika 20 baadaye zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo na Umoja wa Mataifa.

Miti iliporudi, wanyama nao walirudi. Ndege walirudi, sungura wakarudi, na nyuma yao wakaja wale wanaokula ndege na sungura. Fisi naye hakusahau njia. Wataalamu waliouchunguza mpango huo hawakuficha kwamba pamoja na kuni, asali, dawa na malisho, wananchi walipata pia hasara ya mifugo na mazao kutokana na wanyama waliorejea. Kuku wa mkaza mjomba waingizwe katika hesabu hiyo.

UTAJUAJE MNYAMA WA USIKU ALA NINI?

Kanu huamka jua likizama na kulala kunapokucha. Hupanda miti kama paka, hupita juu ya mapaa, na uzito wake ni kilo mbili hivi, kwa hiyo hata matawi membamba humbeba. Ukimvizia ili uone anakula nini, utapata mbu tu. Wataalamu basi wamechagua kazi ambayo wengi wetu tungeikataa: huokota kinyesi.

Bahati yao ni kwamba kanu ana mazoea ya kujisaidia mahali pamoja, mara nyingi palipoinuka, juu ya jiwe au kwenye panda ya mti. Mahali hapo huwa kama ubao wa matangazo, kila apitaye huacha harufu yake ili wengine wajue. Mtafiti huchukua kinyesi, hukikausha, hukiosha juu ya chekeche, kisha hutenganisha kilichobaki. Unywele mmoja ukiwekwa chini ya hadubini huonyesha umbo la magamba yake, na kwa umbo hilo hujulikana kama ni wa panya wa shambani, wa kirukanjia au wa sungura. Meno ya panya hayayeyuki. Magamba ya mbawakavu hayayeyuki, wala mbegu.

Lakini njia hii ina upungufu wake, na ni vizuri kuutaja kabla ya kumsafisha mtuhumiwa. Vitu laini hupotea. Kanu akipasua yai na kulamba kilichomo, kinyesi chake hakitasema neno. Nyama ya kuku mkubwa ikiliwa bila manyoya nayo haitaacha ushahidi mwingi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba katika vinyesi mia hakuona kuku hata mmoja, usimbishie, lakini muulize pia juu ya mayai.

Pamoja na upungufu huo, tafiti zilizofanywa mahali pengi barani Afrika zinakubaliana katika jambo kubwa. Chakula cha kanu ni panya na wadudu kwanza, kisha ndege wadogo, mijusi, vyura na matunda, kwa kadiri msimu unavyotoa. Yeye si mchaguzi, na ndiyo sababu ameweza kuishi ndani ya msitu uliokatwa vipande ambamo chui hawezi. Kipande kidogo cha msitu humpa pango la mchana na mahali pa kuzalia. Usiku hutoka ukingoni, kwani ukingoni mwa shamba ndiko panya waliko wengi zaidi.

Tena akipata cha bure hakikatai. Huko Afrika Kusini, katika vitongoji vya pembezoni mwa jiji la Durban ambako msitu na nyumba vimechanganyika, watafiti waliona kanu wakila chakula cha paka kilichoachwa nje na kulala ndani ya dari za watu. Msomaji wa mjini ambaye husikia vishindo juu ya dari akasema ni panya, pengine ni mla panya.

KUNDI ZIMA LA WADOGO

Kanu hayuko peke yake katika vichaka hivyo. Yuko nguchiro atembeaye mchana kwa makundi, akifukua ardhi kutafuta wadudu. Yuko kicheche mwenye mistari myeupe mgongoni, anayejilinda kwa uvundo. Yuko kimburu, paka wa porini ambaye ni ndugu wa damu wa paka wa nyumbani, na yuko nyegere, ambaye mrina asali yeyote wa Unyamwezi atakusimulia habari zake mpaka usinzie. Kila mmoja ana chakula chake, ingawa karibu wote hukutana kwa panya na wadudu.

Miongoni mwao mimi nimevutiwa zaidi na fungo. Huyu ni mkubwa kuliko kanu, aghalabu kilo kumi na zaidi, mwenye barakoa nyeusi usoni na nywele za mgongoni zinazosimama akikasirika. Zamani, na hata leo nchini Ethiopia, tezi yake ilikamuliwa zabadi, mafuta ya harufu kali yanayotumiwa kutengenezea manukato. Wanawake wengi wamejitia harufu ya fungo katika arusi bila kulijua hilo.

Fungo hula vitu ambavyo wengine huvikimbia. Hula majongoo, wenye majimaji machungu ambayo wanyama wengine huyatema. Hula mizoga, hula nyoka, hula chura. Na hula matunda kwa wingi mno, akiyameza mazima. Naye pia ana choo chake cha kudumu, kwa kawaida chini, kando ya njia. Hapo ndipo penye jambo. Mbegu alizomeza hazitafunwi. Hupita tumboni, husafishwa nyama ya tunda, na hutuliwa mbali na mti uliozizaa, pamoja na mbolea yake.

Katika nchi iliyokatwa vipande, huyu ni mpagazi. Tembo, ambaye angebeba mbegu kubwa kwa masafa marefu, haonekani tena katika vijiji vya Nzega. Nyani na ndege hufanya sehemu yao, lakini nyani hapendi sana kuvuka uwanda mtupu penye mbwa na watoto wenye manati. Fungo huvuka usiku. Hutoka ngitili hii, hukata shamba la viazi, huingia ngitili ile, na tumboni amebeba miti ya kesho. Sijui mpango wowote wa kupanda miti unaogharimu kidogo kuliko huo.

HESABU YA PANYA

Turudi kwa kanu na panya wake wawili, maana hapa ndipo penye ubishi wa shilingi.

Panya wa shambani, yule mdogo mwenye chuchu nyingi kuliko panya wengine, huzaa watoto wapatao kumi na moja au kumi na mbili kwa mkupuo, na mimba yake huchukua wiki tatu na siku chache. Mvua zikianza mapema na majani yakiota, huzaliana mfululizo. Msimu wa kupanda unapofika, hufuata mstari wa mkulima na kufukua mbegu za mahindi moja baada ya nyingine. Watafiti wa panya katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamekadiria kwamba panya huiharibu karibu asilimia 15 ya mavuno ya nafaka ya nchi kwa mwaka. Katika miaka ya mlipuko, mkulima mmoja mmoja anaweza kupoteza karibu kila kitu alichopanda.

Je, kanu na wenzake wanaweza kuuzuia mlipuko kama huo? Hapa wapenzi wa wanyama wangependa nijibu ndiyo bila kusita. Siwezi. Pale Morogoro lilifanywa jaribio zuri, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Baadhi ya mashamba ya mahindi yalifunikwa kwa nyavu ili wala panya wasiingie, mengine yakaachwa wazi, na mengine yakawekewa nguzo na visanduku vya kuwavuta ndege wawindaji. Palipofunikwa nyavu, panya waliongezeka kwa kasi zaidi na kilele chao kikawa cha juu zaidi. Lakini mwendo wa mwaka mzima, kupanda kwao na kushuka kwao, ulibaki ule ule, na zile nguzo za ndege hazikuleta tofauti.

Kwa maneno mengine, wala panya hupunguza makali, lakini hawaondoi ugonjwa. Kanu hafanyi kazi ya serikali wala ya bwana shamba. Hata hivyo, panya wawili kwa usiku mmoja, msimu baada ya msimu, bila kudai mshahara, si kitu cha kubeza. Mjomba aliiweka hesabu hiyo kwa namna yake: alisema kifaranga mmoja anamwona akipotea, lakini gunia la mahindi haoni likiliwa punje kwa punje.

Sumu nayo ina hesabu yake. Zile sumu za panya zinazozuia damu isigande hazimuui panya papo hapo. Panya hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, sumu imekaa ndani ya ini lake, naye huwa windo rahisi. Kanu akimla mmoja huenda asidhurike, lakini akila wengi, sumu hujilimbikiza katika ini lake pia. Bundi huenda kwa njia hiyo hiyo, na paka wa nyumbani vile vile. Mkulima hubaki na panya walionusurika, ambao baada ya miezi michache hurudia idadi yao, na hana tena wa kuwala. Mtu mwenye kihenge kidogo atafaidika zaidi akikiinua juu ya nguzo zenye makopo ya bati yaliyopinduliwa, kusafisha majani kukizunguka na kutega mitego.

WASIOJULIKANA

Tusidhani kwamba wanyama hawa wamekwisha kujulikana. Mwaka 1932 Mwingereza aitwaye Willoughby Lowe alipata ngozi moja tu ya kanu wa namna ya pekee huko Dabaga, katika nyanda za juu za Iringa. Baada ya hapo, kimya. Ilipita miaka 68 ndipo mnyama huyo alipopigwa picha, mwaka 2000, na kamera iliyotegwa ndani ya misitu ya Udzungwa. Ndugu yake wa Unguja, ambaye wenyeji humwita ushombwe, alipewa jina la kitaalamu mwaka 1998 tu, na hapo wawindaji wa kusini mwa kisiwa walikuwa wakimjua tangu zamani. Kamera ilimnasa katika msitu wa Jozani mwaka 2003. Wote wawili huishi katika misitu ambayo nayo imezungukwa na mashamba.

Kwa vichaka vya Nzega hakuna kamera nyingi za namna hiyo. Kuna mbwa, vijana wenye tochi, na wazee kama mjomba ambao hupasua tumbo na kutazama.

BANDA JIPYA

Mkaza mjomba hakushawishika na habari za panya, wala sikumlaumu. Kanu akiingia bandani mara nyingine huua kuku kadhaa na kumla mmoja, na hakuna hadubini itakayomfariji mwenye kuku. Alichokubali ni kwamba kuua kanu mmoja hakumwondoi wa pili, kwa kuwa kipande cha ngitili kilicho nyuma ya nyumba hakitakaa bila mpangaji.

Kwa hiyo siku zangu mbili za mwisho za likizo zilikwisha kwa useremala. Tuliinua banda juu ya nguzo nne, kimo cha kiuno. Tukaziba nyufa zote, maana kanu hupenya popote kichwa chake kinapopenya, na kichwa chake ni kidogo. Dirisha tukaliwekea wavu wa matundu madogo, si ule wa matundu makubwa unaouzwa kwa bei nafuu na unaomzuia kuku asitoke lakini haumzuii mwizi asiingie. Tawi la mwembe lililoning'inia juu ya paa tukalikata. Mlango ukapata komeo la nje.

Nilipokuwa nikichonga nguzo ya mwisho, mjomba aliniita nyuma ya kichuguu, kwenye njia iendayo ngitilini. Palikuwa na choo cha fungo, kikavu, kimejaa magamba ya majongoo na mbegu, na katikati yake miche mitatu midogo imeota, majani yake bado yamekunjamana. Mjomba aliichomekea matawi ya miiba kuizunguka ili mbuzi wasiifikie, akajipangusa mikono.

Jioni ile mkaza mjomba aliwahesabu kuku wake wakiingia mmoja mmoja. Walikuwa kumi na mmoja. Alifunga komeo, akalivuta kuona kama limeshika, kisha akalivuta tena.